Kidole ni changu, maneno si yangu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Kila nionapo basi la chuo kikuu likiteremsha wanafunzi wa sheria katika uwanja wa soko, wamevaa suti nyeusi na kubeba mabango yanayotangaza msaada wa kisheria bila malipo, methali hiyo hunijia akilini. Wageni wamekwisha kuja. Lakini je, mwenyeji hupona?

Mimi si mwanasheria. Kazi yangu ni kufundisha isimu, yaani taaluma ya uchunguzi wa lugha, na kwa kawaida mtu wa isimu hana shughuli katika kliniki ya sheria. Hata hivyo, mwaka jana mwenzangu mmoja anayefundisha sheria aliniomba niandamane na wanafunzi wake hadi soko moja katika Kaunti ya Kilifi. Alitaka niwasikilize wanavyozungumza na wananchi, kisha nimwambie kama wanaeleweka. Nilikubali nikidhani kwamba ningerudi na mifano miwili mitatu ya makosa ya sarufi ya kuwachekesha wanafunzi wangu darasani. Nilirudi na jambo zito zaidi, nalo ndilo linalonifanya nishike kalamu leo.

Meza 6 zilikuwa zimepangwa chini ya mwembe, kila moja ikiwa na wanafunzi wawili, huku mwenzangu, ambaye pia ni wakili, akizunguka kuwasimamia. Shughuli ilifunguliwa kwa hotuba ndefu ya kipaza sauti kuhusu Katiba. Wananchi walipiga makofi kila msemaji alipotua kuvuta pumzi. Kisha foleni ikaanza.

Yapata saa tano hivi, mama mmoja wa makamo, aliyejifunga leso mbili, alifika kwenye meza ya kwanza. Alifungua pindo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kupigwa muhuri wa mahakama, akaikabidhi kwa mikono miwili. Kijana aliyeipokea nilikuwa nimekwisha kuelezwa habari zake: ndiye bingwa wa kitivo katika mashindano ya mahakama za mazoezi. Aliisoma kwa haraka na kuielewa kwa haraka vile vile. Ilisema kwamba mama huyo, mjane wa marehemu fulani, ameridhia shemeji yake apewe idhini ya kusimamia mali ya marehemu.

Kijana akamweleza. Kitenzi alichokitumia kilikuwa cha Kiingereza, akakivika viambishi vya Kiswahili mbele na nyuma. Nomino zilizofuata zilikuwa za Kiingereza, na katikati yake likachomoza neno moja la Kilatini. Sarufi ilikuwa ya Kiswahili, lakini maana haikuwa ya lugha yoyote aijuayo mama yule.

"Mwanangu, nimekosa nini?" mama aliuliza.

Kijana akayarudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Sisi walimu tunalijua vyema kosa hilo. Mwanafunzi asipoelewa, tunampigia kelele, kana kwamba kutoelewa ni uziwi.

Ndipo msichana mmoja aliyekuwa katika meza ya nyuma, mzaliwa wa Malindi, alipoinuka, akaizunguka meza na kuketi kwenye benchi kando ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karatasi hii inasema kwamba wewe, kwa hiari yako, umekubali shemeji yako ndiye asimamie mali aliyoiacha marehemu mumeo. Je, ulikubali?"

"Mimi? Sikukubali kitu."

"Na alama hii ya kidole hapa chini ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ulisomewa kabla ya kutia kidole?"

"Sikusomewa. Niliambiwa ni karatasi ya matanga, ya hesabu ya michango."

Mama akanyamaza. Akakitazama kidole gumba chake kwa muda, kisha akasema: "Kidole ni changu, mwanangu, lakini maneno si yangu."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhusiano wa lugha na sheria. Sikumbuki kama kuna kilichonieleza jambo hilo kwa ufupi kama alivyolieleza mama huyo ambaye hajui kusoma.

Hapo ndipo kesi ilipozaliwa

Msomaji na azingatie lililotukia pale mezani. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, humtanguliza mjane mbele ya jamaa wengine katika kusimamia mali ya mume aliyekufa bila kuacha wasia. Ndiyo sababu shemeji akitaka kusimamia mali hiyo huhitaji ridhaa ya mjane. Sheria hiyo hiyo humruhusu mtu aliyedhulumiwa aende mahakamani kuomba idhini ya usimamizi ifutwe, ikiwa ilipatikana kwa hila au kwa kuficha jambo muhimu. Kwa hiyo haki yote ya mama yule, pamoja na shamba na nyumba anamolala, ilining'inia katika tofauti iliyopo baina ya vitenzi viwili: kutia kidole na kuridhia.

Bingwa wa mahakama za mazoezi hakuiona tofauti hiyo. Simlaumu kwa kukosa akili, maana anayo ya kutosha. Aliisoma karatasi akakuta mama ameridhia, na kwake jambo likawa limekwisha. Lau angepata njia ya kumwuliza mama kwa maneno anayoyafahamu, angejua kwamba karatasi imesema na mama hajasema. Tarehe ya mahakama kuuthibitisha mgao wa mali hiyo ilikuwa imebakiza siku 9.

Watu hudhani kwamba lugha katika kliniki ya sheria ni chombo cha kupakulia tu: wakili amekwisha kupika, na lililobaki ni kumwandalia mwananchi kwenye sahani ya Kiswahili. Mambo siyo hivyo. Katika kisa hiki lugha ilikuwa ndiyo jiko lenyewe. Ukweli wa kesi haukujulikana mpaka swali lilipoulizwa kwa lugha ya mwenye kesi.

Neno la kukopa kwa waganga

Neno kliniki wanasheria walilikopa kwa madaktari. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Duke kilifungua kliniki ya msaada wa kisheria mwaka 1931 chini ya John Bradway. Miaka miwili baadaye, mwaka 1933, mwanasheria Jerome Frank, ambaye baadaye alipata kuwa jaji, aliandika makala akihoji kwa nini shule za sheria zisiwafunze wanafunzi kwa kliniki kama zifanyavyo shule za udaktari. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Daktari hawezi kufuzu kwa kusoma vitabu vya maradhi peke yake. Sharti asimame kando ya kitanda cha mgonjwa. Iweje basi wakili afuzu kwa kusoma hukumu zilizochapishwa, bila kumwona mtu aliyehukumiwa?

Katika Afrika Mashariki wazo hilo halikuchelewa kufika. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na katika muongo huo huo kikawa na kamati ya msaada wa kisheria kwa wananchi. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha sheria mwaka 1970, na mwaka 1973 mawakili wakaanzisha Kituo Cha Sheria kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa. Chuo Kikuu cha Moi kilifuata kwa kitivo chake mwaka 1994. Leo vyuo vikuu vinavyofundisha sheria nchini ni zaidi ya 10, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inavitambua vyuo vyenye kliniki kuwa miongoni mwa watoaji wa msaada huo. Haya ni maendeleo ya kujivunia.

Lakini tulipolikopa neno la madaktari, tulisahau kukopa swali lao la kwanza. Daktari humwuliza mgonjwa: unaumwa wapi? Daktari asiyeweza kuuliza swali hilo akajibiwa, huenda akang'oa jino la mwenye maradhi ya tumbo.

Sheria yenyewe inadai

Wapo watakaosema kwamba haya ni madai ya mtu wa isimu anayeitafutia lugha kazi. Nami nawaomba wazisome sheria zetu. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 49 inataka mtu anayekamatwa aelezwe bila kukawia, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo.

Isitoshe, jambo hili halikomei katika Katiba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri amweleze mfanyakazi asiyejua kusoma yaliyomo katika mkataba wake, kwa lugha anayoielewa. Inamlazimu vile vile, kabla ya kumfuta mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kuzembea kazini, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Nayo sheria inayoongoza mashtaka ya jinai inasema kwamba lugha ya mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu ni Kiingereza au Kiswahili.

Hebu tujiulize: ikiwa sheria imemwagiza mwajiri, polisi na hakimu waseme na mtu kwa lugha anayoielewa, je, ni nani anayemfunza wakili kufanya hivyo? Anapohitimu chuo kikuu, mwanasheria hupitia masomo 9 ya lazima katika chuo cha mafunzo ya uwakili. Hufunzwa kuandaa hati, kuendesha kesi za madai na za jinai, kushughulikia mirathi, kuhamisha umiliki wa ardhi na kadhalika. Hakuna somo hata moja kati ya hayo 9 lililotengewa Kiswahili. Ajabu ni kwamba sheria ya mwaka 2012 inayokihusu chuo hicho ilipotaja alama za kuingilia, ilitaka B katika Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili kinatambuliwa mlangoni, kisha kinaachwa nje pamoja na viatu.

Maisha ya beweni

Kasoro hii haianzii sokoni. Inaanzia katika bewa lenyewe. Nimeyazuru mabewa kadhaa ya sheria na kuyaona mambo yanayopendeza: maktaba zisizozimwa taa mapema, mijadala mikali katika vivaza vya mabweni, vijana wanaojifunga tai siku ya mashindano na kuhutubu mbele ya majaji wa kuigiza kwa ufasaha wa kutamanisha. Ufasaha huo ni wa Kiingereza. Anayekimudu kwa lafudhi inayotakiwa ndiye huchaguliwa kukiwakilisha kitivo, ndiye hutajwa na wahadhiri, na ndiye huitwa mapema na ofisi kubwa za mawakili.

Yule msichana wa Malindi alinisimulia baadaye kwamba katika mwaka wake wa kwanza aliinua mkono kujibu swali katika ukumbi wa mihadhara. Darasa likacheka, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa na mahadhi ya Pwani. Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Kwa muda wa miaka mitatu kitivo kilimhesabu kuwa mwanafunzi wa kadiri. Ilibidi asafiri hadi sokoni, akae kwenye benchi la mbao karibu na mama mwenye karatasi iliyokunjwa, ndipo walimu wake wajue kwamba walikuwa na wakili. Nawauliza walimu wenzangu: ni shule ya namna gani inayomnyamazisha yule ambaye mwenye kesi anamwelewa?

Wala isisemwe kwamba wanafunzi hawa hawajui Kiswahili. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Vijana walio vyuoni leo walikisoma kwa miaka 12. Walichambua tamthilia, wakahesabu mizani za mashairi, wakaainisha ngeli za nomino. Kisha wakafika kwenye lango la kitivo cha sheria wakaambiwa, si kwa maneno bali kwa mazoea, kwamba hiyo ilikuwa lugha ya kupitia mtihani. Tumewekeza miaka 12, na mwaka wa 13 tumeutupa mtaji.

Matokeo yake ni huduma kwa jamii inayofanana na tamasha. Mabango hupeperushwa, picha hupigwa, fulana hugawanywa. Ripoti huhesabu waliohudhuria. Haihesabu walioelewa.

Kufasiri hakutoshi

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba dawa ni kuchukua maneno ya Kiingereza na kuyabadilisha moja baada ya jingine kuwa ya Kiswahili. Siku ile ile, mzee mmoja alieleza kwa uchungu kwamba alikuwa ameleta mashahidi wake mahakamani mara tatu, kwa nauli yake, na mara zote tatu wakarudishwa bila kuulizwa neno. Alikuwa ameambiwa kwamba kesi yake itatajwa. Kwake yeye, jambo likitajwa mbele ya wazee limeanza kuzungumzwa. Mahakamani, kesi kutajwa ni kupangiwa tarehe na maandalizi tu, na kusikizwa ni jambo jingine. Neno lilikuwa la Kiswahili safi, na bado lilimgharimu mzee nauli za watu wanne.

Tuchukue pia neno dhamana. Wengi huamini kwamba fedha za dhamana ni faini ya mapema, na kesi inapomalizika hawarudi kuzidai, ilhali ni zao. Au hati ambayo wanasheria huiita barua za usimamizi. Mwananchi akisikia barua hungoja kitu cha kufika kwa posta. Ukimwambia ni idhini ya mahakama ya kumruhusu mtu ashughulikie mali ya marehemu, ataelewa mara moja, hata kama maneno yamekuwa mengi.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii: mwanafunzi wa sheria afunzwe kueleza, na kueleza ni zaidi ya kufasiri. Anayeeleza huanza kwa kujua msikilizaji ana maana gani kichwani tayari.

Kuna pingamizi mbili ambazo husikika kila mada hii inapozuka. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sheria. Pingamizi hiyo hunistaajabisha. Maneno sheria, haki, hukumu, mahakama, kadhi, wakili, shahidi, kiapo, mirathi, wasia na rehani yalikuwa yakitumika katika miji ya Pwani kabla hakimu wa kwanza wa Kiingereza hajashuka melini. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya sheria mwaka 1999. Huko Tanzania, jina la Jaji Zephrine Galeba lilivuma mwaka 2021 kwa sababu ya hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili, na mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Najua kwamba kubadilisha sheria hakubadilishi mazoea kwa siku moja. Lakini aliyesema kwamba haiwezekani amekwisha kujibiwa.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Kenya ni nchi yenye lugha zaidi ya 40, na wapo wazee wa Turkana, wa Marsabit au wa Pokot ambao Kiswahili kwao ni kigeni kama Kiingereza. Hilo ni kweli, na sitalificha chini ya zulia la uzalendo. Huko, kliniki inayojali itaanza kwa kumtafuta mkalimani anayeaminika kabla ya kuchapisha bango. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuieleza sheria kwa Kiswahili chepesi atamrahisishia mkalimani kazi yake. Yule ambaye kila jambo amelifungia katika Kilatini hatamsaidia mkalimani wa lugha yoyote.

Tufanye nini?

Kwanza, vitivo vya sheria vishirikiane na idara za Kiswahili. Vyuo vingi vina vyote viwili, na mara nyingi vimetenganishwa na kuta tu. Kuwe na kozi moja ya Kiswahili cha sheria, ifundishwe na mwanasheria pamoja na mtu wa lugha, na mwanafunzi asiruhusiwe kuketi kwenye meza ya kliniki kabla ya kuifaulu.

Pili, mafunzo yaanzie nyumbani. Kabla ya kupanda basi kwenda kijijini, mwanafunzi atembee hadi langoni mwa bewa na kumweleza mlinzi wa usiku haki zake katika Sheria ya Ajira. Aingie jikoni mwa bwalo la chakula amweleze mpishi maana ya notisi ya siku 28. Kisha amwombe mpishi ayarudie maelezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Mpishi akiweza, mwanafunzi amefuzu. Asipoweza, aliyeshindwa mtihani ni mwanafunzi. Watu hawa huwahudumia wasomi wetu kila siku, na ni aibu kwamba tunavuka milima kuwatafuta wanyonge ilhali wanatufungulia lango kila asubuhi.

Tatu, mashindano ya mahakama za mazoezi yawe na daraja la Kiswahili lenye tuzo ya heshima sawa na ile ya Kiingereza. Vijana hufuata penye sifa. Tukiweka sifa hapo, watakwenda hapo.

Nne, kila kliniki iweke daftari la maneno. Mwananchi anapotumia neno lake kueleza shida yake, neno hilo liandikwe pamoja na maana aliyokusudia. Baada ya miaka michache tutakuwa na hazina ambayo haipatikani katika kamusi yoyote.

Nanyi walimu wa Kiswahili katika shule za upili, msiniachie mimi na wenzangu wa vyuo vikuu mzigo huu. Badala ya kuwapa wanafunzi mada ile ile ya insha kila mwaka, wapeni kifungu kimoja cha Katiba wakieleze kwa bibi asiyejua kusoma. Mtagundua upesi ni nani anayeijua lugha na ni nani aliyekariri methali tu.

Kidole cha pili

Namalizia na mama yule, maana najua msomaji angependa kujua yaliyompata. Mwenzangu aliichukua kesi yake, kwa kuwa wanafunzi hawawezi kusimama mahakamani kama mawakili. Jumatatu iliyofuata waliandaa hati ya kiapo ya kuupinga mgao ule. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi. Mama hajui kusoma, na utaratibu wa viapo unataka mtu kama huyo asomewe hati yake mpaka aielewe ndipo aweke alama. Yule msichana wa Malindi alimsomea kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Bingwa wetu naye alikuwa ameketi pembeni na kalamu mkononi, akiandika jinsi mwenzake alivyokuwa akieleza. Niliarifiwa kwamba hakusema neno.

Walipofika katika aya ya 7, mama aliinua mkono. Hati ilisema kwamba yeye alikataa kuridhia.

"Hapo sipo," alisema. "Sikukataa. Mtu hukataa alichoambiwa. Mimi sikuambiwa."

Wakili aliifuta sentensi ile, akaiandika upya kama alivyosema mama, hati ikasomwa tena tangu mwanzo. Ndipo mama akakitia wino kidole gumba chake mbele ya kamishna wa viapo, akakikandamiza penye nafasi yake.

Hadi ninapoandika makala haya, kesi hiyo ingali mahakamani, na si haki yangu kubashiri hukumu. Huenda akashinda, huenda akashindwa. Lakini atakaposimama mbele ya hakimu na kuulizwa kama alama iliyo kwenye hati ile ni yake, atajibu kwamba kidole ni chake na maneno ni yake pia. Mgeni akija na hilo, mwenyeji ana nafasi ya kupona.